Ukiwa na adui mwenye jina: mwongozo kamili wa kumtegemea Mungu akuokoe, bila kukaa kizembe na bila kulipiza

Mwaka wa pili baada ya kumzika mume wangu, shemeji yangu alikuja asubuhi na fundi na kamba, wakaanza kupima uwanja wangu mi nikiwa nimesimama mlangoni na kanga, mswaki mdomoni, na wala hakunisalimia. Walipomaliza akasema tu "shemeji, hapa ni kwa ukoo", wakaondoka. Nikakaa kwenye kizingiti mpaka jua likanichoma miguu.

Wiki ile nilipewa ushauri wa aina mbili na nadhani kila mkristo wa huku kwetu ameshapewa. Wa kwanza ni "mwachie Mungu", maana yake usifanye chochote, kaa kimya, Mungu atajua. Wa pili ni "pambana kwenye ulimwengu wa roho", maana yake funga siku kadhaa na umrudishie mishale shemeji mpaka aanguke. Nilijaribu yote mawili kwa kupokezana, na kusema ukweli yote mawili yalinichosha bila kunisogeza hata hatua moja. Haya ninayoandika hapa ndo yaliyokuja baadae, kwa kusoma Biblia yenyewe polepole na kwa kukosea sana, na nimeyapanga kwa hatua ila usishangae hatua moja ikiwa ndefu na nyingine ya mistari miwili, shida haziji kwa vipimo sawa.

Hatua ya kwanza: angalia kwanza kama upo hatarini

Naanza na hii kwasababu wengi wanaianza mwisho. Kama anayekutesa anakupiga, anakufuatilia, ametishia kukuua, au anamgusa mtoto, toka hapo leo, utaomba ukiwa umeshafika sehemu salama. Wala si ukosefu wa imani. Daudi alirushiwa mkuki na mfalme Sauli akakwepa, wala hakubaki pale akikemea mkuki, na siku Sauli alipotuma watu wakalinda nyumba yake ili wamuue asubuhi, mkewe Mikali alimshusha dirishani usiku akakimbia (1 Samweli 19). Sasa fungua Zaburi 59 usome yale maneno madogo ya juu kabisa ambayo huwa tunayaruka, yanasema ni zaburi ya Daudi, wakati ule Sauli alipotuma watu wailinde nyumba wapate kumwua. Yaani ile zaburi ya "Mungu ni ngome yangu" imetoka kwa mtu aliyeruka dirishani. Paulo naye alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu, na Yesu mwenyewe kule Nazareti walipotaka kumtupa kwenye mteremko alipita katikati yao akaenda zake.

Kwahiyo dada unayepigwa ndani halafu unaambiwa uvumilie kwa maombi, dirisha ni la Mungu pia. Tanzania vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, namba 116 ni ya kuripoti mambo ya watoto na inapigika bure, Kenya nao wanayo hiyo hiyo 116, na kwa ukatili wa kijinsia wana 1195. Ziandike kwenye simu kwa jina ambalo mwenzio hatalijua.

Hatua ya pili: liandike jambo lenyewe lilivyo

Chukua daftari, si simu, daftari. Gawa karatasi sehemu tatu. Ya kwanza andika nilichoona na kusikia mwenyewe, ya pili andika nilichoambiwa na watu, ya tatu andika ninachohisi au ninachokiogopa. Weka tarehe.

Mi nilipofanya hivi nilishtuka. Sehemu ya kwanza ilikuwa na mistari minne tu: kamba, fundi, lile neno "hapa ni kwa ukoo", na meseji moja ya matusi. Sehemu ya pili ilijaa, jirani kasema hiki, wifi kasema kile. Ya tatu ndo usiseme, nilikuwa nimeandika mpaka kwamba ugonjwa wa mwanangu wa kifua ni wao, na kwamba mama mkwe alipokuja msibani alimwaga kitu mlangoni.

Hapa naomba nikae kidogo maana ndo watu wanapopotea. Huku kwetu shida ikija akili inakimbilia "nani kaniroga", na akishapatikana wa kumtaja, mara nyingi ni bibi mzee, shangazi asiye na mtoto, mama mkwe. Kule Usukumani wazee wa kike wamekatwa mapanga miaka na miaka kwasababu ya macho mekundu, na macho mekundu yenyewe ni ya moshi wa kupikia jikoni maisha yao yote. Mtu anayeua anasema anajikomboa na mwovu, kumbe mwovu sasa ni yeye. Hivyo siri ya daftari ni hii, ya sehemu ya tatu peleka kwa Mungu peke yake, usiipeleke kwa mtu yeyote kama ushahidi, na ya sehemu ya pili usiitamke mpaka imehamia ya kwanza. Biblia yenyewe inaamuru jambo lithibitishwe kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu, na ndoto yako ya saa tisa usiku si shahidi.

Mama mkwe wangu kumbe alimwaga maji ya kunawia. Nilikuja kumuuliza mwenyewe baada ya miaka miwili, tukacheka, ila ile miaka miwili sikumpa mjukuu wake amshike.

Hatua ya tatu: litandaze

Mfalme Hezekia alipokea barua ya vitisho kutoka kwa Senakeribu mfalme wa Ashuru, mwaka 701 kabla ya Kristo, akaipeleka hekaluni akaikunjua mbele za Bwana (2 Wafalme 19:14). Napenda sana hii picha. Hakwenda kumsimulia Mungu kwa jumla jumla "Baba unajua shida zangu", aliweka karatasi yenyewe chini ikiwa imefunguliwa.

Fanya hivyo hivyo. Ile karatasi ya daftari, ile barua ya kufukuzwa kazi, ile notisi ya mwenye nyumba, ile meseji ya matusi (iandike kwenye karatasi), iweke sakafuni au kitandani, piga magoti, isome kwa sauti mstari kwa mstari, na baada ya kila mstari sema "Bwana umesikia". Basi. Usiongeze chumvi, wala usimpunguzie adui. Mi siku ya kwanza nilisoma mistari yangu minne kwa dakika kama tano halafu nikalia saa nzima, siku ya tatu nilisoma na sikulia.

Lakini soma pia kilichotangulia, sura ya 18. Hezekia kabla ya kufika hekaluni alishajaribu kumnunua Senakeribu, alitoa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, akabandua mpaka dhahabu ya milango ya hekalu, na jeshi likaja vilevile. Nalisema hili kwa wale wanaomlipa mtu anayewatisha, awe bosi anayetaka "kitu kidogo" ili asikufukuze, au kijana mwenye picha zako anayetaka hela la sivyo azisambaze. Ukilipa mara moja atarudi, kwani ameshajua mlango upo wapi.

Na Hezekia hakuomba tu, aliziba chemchemi za nje ya mji maadui wasipate maji (2 Nyakati 32) na akachimba mfereji chini ya mwamba kuingiza maji mjini, ule mfereji upo mpaka leo Yerusalemu una urefu wa mita 500 na zaidi na watu wanapita ndani. Kuna kitu kingine kinanifurahisha: Senakeribu aliandikisha kumbukumbu zake kwenye udongo wa kuchomwa na zimepatikana, anajisifu humo kwamba alimfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege kwenye tundu, ila hakuna mahali anaposema aliuteka mji. Aliishia kwenye tundu. Ukishajua hilo nenda kasome Zaburi 124, "Nafsi yetu imeokoka kama ndege katika mtego wa wawindaji, mtego umevunjika, nasi tumeokoka."

Hatua ya nne: chagua zaburi inayofanana na shida yako, ukae nayo

Wengi tunajua 23, 91 na 121, basi, tunazitumia kwa kila kitu kama panadol. Zipo nyingi zaidi na zinatofautiana, na zingine zina maneno ya juu yanayokwambia zilitoka wapi. Kama umesingiziwa kitu ambacho hukufanya, nenda ya 7. Kama kuna mtu kazini anayepeleka maneno kwa mkubwa, nenda ya 52, hiyo ni ya Doegi Mwedomi, yule aliyekwenda kumwambia Sauli kwamba Daudi amefika kwa makuhani, na siku ile makuhani 85 waliuawa kwasababu ya mdomo wa mtu mmoja. Aliyekugeuka ni rafiki yako mliyekuwa mnakwenda naye kanisani, hiyo ni ya 55. Wamekuzidi nguvu wewe masikini, ya 10. Hakimu au mwenyekiti amehongwa, ya 94. Unaona wabaya wananenepa na watoto wao wanasoma shule nzuri mpaka unaanza kujuta kuokoka, ya 73, mwandishi wake Asafu anakiri kabisa kwamba miguu ilikaribia kuteleza. Hupati usingizi, ya 3, "Nalijilaza nikalala usingizi, nikaamka, kwa kuwa Bwana ananitegemeza", na huyu anayelala hivi anamkimbia mwanae mwenyewe Absalomu.

Kaa na moja kwa wiki nzima. Isome kwa sauti asubuhi na jioni, taratibu. Siku ya tatu au ya nne anza kuweka mambo yako ndani, pale inaposema "watesi wangu" wewe unajua ni nani. Utagundua nyingi zinakwenda kwa njia moja: analia, anauliza "hata lini", anaomba kitu kinachoeleweka, halafu katikati hapo bila sababu inayoonekana anaanza kumsifu Mungu wakati jambo bado halijaisha. Usijilazimishe kufika kwenye sifa siku ya kwanza. Zaburi ya 88 haifiki kabisa, inaishia gizani, neno lake la mwisho ni giza, na bado imo kwenye Biblia na inahesabika ni sala.

Sasa lile swali la kila siku, je niombe adui yangu afe? Maana Zaburi ya 109 ipo, na humo kuna "siku zake na ziwe chache". Ntakwambia ninavyoona mimi. Zile ni hasira zilizopelekwa juu badala ya kupelekwa kwenye panga. Daudi aliyeimba vile ndiye aliyemkuta Sauli pangoni peke yake akakata tu upindo wa vazi lake, na hata kwa kile kitambaa moyo ulimchoma (1 Samweli 24). Kwahiyo mwambie Mungu kila kitu, hata kile kibaya, yeye hashtuki. Ila yale maombi ya kusimama usiku na vitambaa vyekundu kutaja jina la mtu na kusema "rudi kwa aliyekutuma", mimi nimeyaacha. Yesu alisema "Wapendeni adui zenu, waombeeni wanaowaudhi", sijaona sehemu aliyosema isipokuwa mashemeji. Siku za mwanzo sala yangu kwa shemeji ilikuwa "Bwana mimi sitaki kumuombea ila umesema, haya, mbariki, amina", na ikaishia hapo kwa miezi.

Hatua ya tano: jichunguze, haraka

Fupi. Zaburi ya 7 kabla haijamshtaki adui inasema kama nimefanya mimi hili, kama nimemlipa mabaya aliyekaa kwangu salama, basi adui na anifuatie. Jiulize kama deni analokudai ni la kweli. Kama ni la kweli lipa. Huwezi kuomba uokolewe kutoka kwa mtu unayemwita adui kumbe yeye ndo anakudai wewe, na wapo wengi tu wanaofunga kwa ajili ya mkopo waliokopa wenyewe. Ila kama ulibakwa, ulidhulumiwa, ulipigwa, usikubali hatua hii igeuke kuwa "nilifanya nini mimi". Hukufanya.

Hatua ya sita: omba na uweke walinzi

Hii ndo moyo wa mambo yote. Nehemia akijenga ukuta wa Yerusalemu na maadui wakipanga kuja kumpiga, sura ya 4 inasema waliomba, wakaweka na walinzi mchana na usiku. Sentensi moja, vyote viwili.

Au chukua Paulo, Matendo 23. Usiku Bwana anasimama karibu naye anamwambia jipe moyo, utanishuhudia na Rumi. Ahadi imeshatoka kinywani mwa Yesu mwenyewe. Asubuhi yake watu zaidi ya 40 wanaapa kutokula wala kunywa mpaka wamuue, mpwa wake anasikia anakuja kumwambia, na Paulo anafanya nini? Anamwita akida anasema mpelekeni huyu kijana kwa jemadari. Hakusema "mimi nina ahadi". Jemadari akatoa askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200, usiku huo huo akasafirishwa. Ukihesabu ni watu 470 kwa ajili ya mfungwa mmoja, na Mungu aliwatumia wapagani wote hao. Baadae alipoona Yerusalemu hatapata haki akakata rufani kwa Kaisari. Mtume mzima, kakata rufani.

Kwahiyo mlinzi wako ni nani? Inategemea shida.

Kama ni ardhi au mirathi, fungua mirathi mapema, usisubiri ndugu wapoe. Tafuta cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vya kuzaliwa vya watoto, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi, hati ya mauziano ya kiwanja na majina ya waliokuwa mashahidi siku ile, kopi mbili mbili, seti moja ikae kwa mtu nje ya nyumba yako. Mi hati yangu ilikuwa chini ya godoro, na mtu wa kwanza aliyeingia chumbani siku ya msiba alikuwa nani vile. Nilibahatika tu. Baraza la ardhi la kata siku hizi kazi yake ni kusuluhisha, msiposuluhishika mnakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Huna hela ya wakili? Uliza wasaidizi wa kisheria waliopo wilayani kwako, au mashirika kama TAWLA na LHRC, Kenya wapo FIDA, wanasaidia watu bure.

Kama ni kazi na umeachishwa kwa uonevu, sikia vizuri hapa maana nimeona mtu akiumia. Tanzania malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu uachishwe. Dada mmoja tuliyekuwa tunasali naye aliachishwa, akaambiwa afunge siku 40 kwanza ndo aanze kudai. Umeona hesabu. Alipofika mlangoni kwa tume alikuwa amechelewa, ikabidi aanze kuomba kuongezewa muda na sababu ya kufunga haikuwaingia. Funga siku 40 ukitaka, lakini peleka fomu siku ya pili.

Kama ni matusi na vitisho kwenye simu, piga skrinshoti inayoonyesha namba na tarehe, usifute, usijibu, tunza na voisi noti. Tafuta pia mtu mmoja mwenye akili, mzee wa kanisa au mama wa jumuiya asiye na mdomo mrefu, umwambie kila kitu, ili siku ukipotea awepo mtu anayejua.

Yule mjane wa Luka 18 aliyemsumbua kadhi dhalimu, "Nipatie haki na adui wangu", tunamhubiri kama mfano wa kuomba bila kukoma, na ni kweli Yesu alimsema kwa ajili hiyo, lakini angalia alikuwa anafanya nini siku hadi siku. Alikuwa anakwenda. Alijua ofisi ilipo. Mi nimekwenda barazani mara kumi na moja, nikapangiwa tarehe, nikaambiwa mwenyekiti hayupo, nikaambiwa faili halionekani, na kila nikipanda bodaboda kwenda pale nilikuwa nasoma ile ya 94 kimoyomoyo, na bodaboda anadhani naongea na simu.

Hatua ya saba: jihadhari na wanaouza wokovu

Ukiwa na shida utanukia, sijui wanajuaje. Atakuja mtumishi atasema ameona adui yako ni mwanamke wa ndani ya ukoo, mweusi kidogo (nani si mweusi kidogo kwenye ukoo wetu?), na ili kufunga mlango inatakiwa sadaka ya ukombozi laki tatu, mafuta, maji na chumvi. Pima hivi: je anakutajia mtu wa kumchukia? Je kuna bei? Je anakukataza kwenda mahakamani, polisi au hospitali? Likipatikana hata moja ondoka. Petro alimwambia Simoni wa Samaria fedha yake ipotelee mbali pamoja naye kwa kudhani karama ya Mungu yapatikana kwa mali (Matendo 8:20). Mchungaji wangu yeye alinipa nauli ya kwenda wilayani, elfu kumi, akaniombea dakika mbili kwenye baraza ya nyumba yake akiwa ameshika ndoo ya kuku. Sijasahau ile sala.

Hatua ya nane: funga mdomo na status

Usimuweke adui yako kwenye status ya WhatsApp na mstari wa Isaya 54:17, ule wa kila silaha itakayofanyika juu yako haitafanikiwa. Anaona, wifi zake wanaona, na kesho barazani wakili wake ataonyesha. Warumi 12:19 inasema "msijilipize kisasi, bali ipisheni ghadhabu ya Mungu", na mafumbo ya status ni kisasi kidogo kidogo cha bando.

Na kusamehe si kurudi ndani. Watu wanachanganya sana. Sauli alipotoka pale pangoni na Daudi akamwita, alilia, akamwita Daudi mwanangu, akakiri kwamba wewe una haki kuliko mimi, ungesema yameisha. Halafu mstari wa mwisho wa sura unasema Sauli akaenda zake nyumbani, lakini Daudi na watu wake wakapanda kwenda ngomeni. Kamsamehe na ngomeni kapanda. Akiomba radhi aliyekupiga, msamehe, na funguo usimpe.

Hatua ya tisa: "bali kama si hivyo"

Hii ningependa niiruke lakini nikiiruka nitakuwa nimekudanganya. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme Mungu wetu aweza kutuokoa na tanuru, wakaongeza "Bali kama si hivyo", hata asipotuokoa hatusujudu. Matendo 12, Herode ni yuleyule mmoja, Yakobo anauawa kwa upanga na Petro anafunguliwa na malaika, na Luka hasemi Petro aliomba vizuri zaidi.

Februari 1977 Uganda, Askofu mkuu Janani Luwum aliuawa tarehe 16 mikononi mwa utawala wa Idi Amin kwasababu alipinga mauaji. Siku chache baadae Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye naye alikuwa anatafutwa, alipanda milima usiku kwa miguu na mkewe wakavuka mpaka wakaingia Rwanda. Maaskofu wawili wa kanisa moja, wanamwomba Mungu mmoja. Kivengere alikuja kusema hadharani amemsamehe Amin. Sijui mtu atakayeniambia Luwum hakuwa na imani, na akitokea simsikilizi.

Kivitendo maana yake ni nini? Maana yake siku unayoandika maombi yako kwenye daftari, chini yake andika pia hutafanya nini hata ukishindwa. Mi niliandika: nikishindwa kesi sitakwenda kwa mganga, sitamuwekea sumu ng'ombe wake, sitawafundisha watoto kumchukia baba yao mdogo, sitaacha kanisa. Na nikaandika nitahamia wapi, kwa dada yangu, chumba cha uani, na nikamuuliza dada kabisa kama kipo. Nilipojua chumba kipo nikaanza kulala. Ajabu eh, nilidhani usingizi utakuja na ushindi.

Hatua ya kumi: haki ikija

Mimi ilikuja nusu. Baraza lilisema nyumba na uwanja wa mbele ni wa watoto wangu, kipande cha nyuma chenye miembe kikaenda ukoo. Kanisani nikasimama nikashuhudia, na nilijitahidi kusema "nusu", kwasababu kuna tabia ya kurembesha ushuhuda mpaka mwenye shida aliyekaa benchi la nyuma anajiona yeye peke yake ndo Mungu kamsahau. Taja na watu Mungu aliowatumia, mjumbe aliyekuja kutoa ushahidi, dada wa msaada wa kisheria, bodaboda. Rudia daftari ulisome tangu mwanzo, utaona siku zingine uliomba upuuzi. Na usishangilie akianguka, Mithali 24:17 imekataza, Daudi alipopata habari Sauli amekufa alirarua nguo akamtungia wimbo wa maombolezo.

Shemeji bado hatuna mazoea. Mwaka jana kwenye msiba wa mjomba wao nilifika nimechelewa, turubai limejaa, nikawa nimesimama pembeni na kanga begani. Akainuka, akanisogezea kiti chake cha plastiki bila kuniangalia, akaenda kusimama na wanaume. Nikakaa.